Bunduki ya mwindaji (3): Wenzo, kichaka na risasi butu

Katika makala mbili zilizopita tulizungumzia gobori na shotigani, silaha ambazo mtu wa Kahama au Bukombe hahitaji kuelezwa sura yake. Leo tunaifikia bunduki ambayo wengi wetu tumeiona kwenye filamu za makauboi tu: bunduki ya wenzo. Nyuma ya kifyatulio, pale vidole vinaposhika, pana chuma kilichopinda. Mpigaji akikisukuma chini, ganda lililokwisha kulipuka linaruka nje. Akikirudisha juu, risasi mpya inaingia chemba na nyundo inabaki imevutwa. Bunduki haihitaji kuondolewa begani, na jicho linabaki kwenye shabaha.

Silaha hii ilipita katika nchi yetu kabla ya reli na kabla ya Mjerumani. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, katika mizigo yake zilikuwamo bunduki mbili za wenzo, Winchester moja na Henry moja. Agosti ya mwaka huo alikuwa vitani upande wa Waarabu wa Tabora dhidi ya Mtemi Mirambo. Mwaka 1875 alikatiza Usukuma mpaka Kagehyi, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Akarudi tena mwaka 1889 akimsindikiza Emin Pasha kuelekea pwani, na orodha ya silaha za msafara huo, ulioanza mwaka 1887, inataja Winchester 50 na risasi zake 50,000. Walipumzika Usambiro, kusini mwa ziwa, kwa mmisionari Alexander Mackay, kisha wakapita Usukuma wakipigana na wenyeji. Msafara ulikuwa pia na bunduki ya rashasha ya Maxim, na ilitumika. Watu waliosimama mbele yake walikuwa na pinde, mikuki na magobori.

Mwaka uliofuata, Julai 1890, mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Kwa jina ulikuwa mkataba wa kukomesha biashara ya utumwa. Ndani yake, hata hivyo, mlikuwa na vifungu vilivyozuia bunduki zenye mifereji ndani ya mtutu, yaani raifo, na zile zinazopakiwa kwa nyuma zisiingizwe katika ukanda mpana wa Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Lililoachwa liuzwe ni gobori la jiwe na baruti ya kawaida. Mtu akiuliza kwa nini wahunzi wa vijiji vyetu walizidi kutengeneza na kukarabati magobori miongo mingi baada ya dunia kuyaacha, sehemu kubwa ya jibu imo katika karatasi ile. Mwindaji wa Kisukuma au wa Kisumbwa hakulipenda gobori kuliko raifo. Raifo alinyimwa.

Wageni nao waliiacha Winchester kwa sababu nyingine. Wajerumani walikuja na Mauser, bunduki ya bolti, na Waingereza wakaja na Lee-Enfield ya .303. Bunduki inafuata risasi: zile zilizojaa maghala ya serikali ndizo zilizofika madukani, na mwindaji akanunua bunduki inayozitumia. Bolti ilikuwa pia na kifungio chenye nguvu, kilichostahimili baruti kali zaidi. Mfano mashuhuri wa wenzo katika Afrika Mashariki baada ya hapo ni Winchester ya mwaka 1895, ya risasi za .405, aliyoibeba Theodore Roosevelt katika safari yake ya Kenya na Uganda mwaka 1909. Aliisifu sana kwa simba. Kwa wanyama wazito zaidi alikuwa na bunduki ya mitutu miwili kutoka Uingereza, na jambo hilo msomaji alishike, maana tutalirudia.

Sasa tuje kwa mwenye nia ya kununua. Kosa kubwa ninaloliona ni kuanza na bunduki: mtu ameona picha, amependa mbao na shaba, anauliza bei. Maswali yanayotangulia ni matatu. Utawinda wapi, utawinda nini, na risasi utazipata wapi?

Mahali kwanza. Ukitoka Shinyanga mjini kuelekea mashariki mpaka Pori la Akiba la Maswa, lililokuwa katika mkoa wetu hadi Simiyu ilipoanzishwa mwaka 2012, unaingia nchi inayofunguka kuelekea tambarare za Serengeti. Huko swala anaweza kukuona ukiwa mita 250 na asikuruhusu kusogea tena. Ukienda magharibi, Bukombe, Mbogwe na Ushetu kuelekea Kigosi, unaingia miombo. Katika miombo yenye majani mnyama unamwona akiwa mita 50, mara nyingine 30, kwa muda mfupi, kati ya shina na shina. Bunduki moja haitoshelezi nchi hizi mbili, na anayekwambia inatosha anataka kukuuzia.

Wenzo ni silaha ya magharibi hiyo. Ni fupi, nyembamba, na nyingi zina uzito wa kilo tatu hivi. Haina mpini wa bolti unaokwama kwenye matawi, na risasi ya pili iko tayari kabla mnyama hajafika kichaka kinachofuata. Sizungumzii risasi ya pili kwa ajili ya kupiga ovyo. Nazungumzia wajibu wa kummaliza mnyama uliyekwisha kumjeruhi, asiende kufia mbali na kuoza bila kuliwa na yeyote.

Hata katikati ya mkoa mandhari hayakuwa hivi siku zote. Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, aliyekuwa pia mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika. Vichaka vilifyekwa kwa maelfu ya ekari ili mbung'o wakose kivuli, na katika miaka ya 1940 likafanyika jaribio la kuwapiga risasi wanyamapori wenyewe ili mbung'o wakose damu. Nchi ikabaki uchi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ndio uliorudisha ngitili, na pamoja na ngitili wakarudi kanga, digidigi na sungura. Nasema hili kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaoona kichaka kilichorejea wakadhani ni ruhusa. Ngitili ni malisho ya jamii au ya familia. Mnyama aliyemo ni mali ya umma na anahitaji leseni kama yule wa porini. Na yaliyokuwa mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato tangu mwaka 2019. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji, kwa wenzo wala kwa manati.

Swali la pili, mnyama, sheria imekwisha kulijibu kwa sehemu. Kanuni za uwindaji za Tanzania zinataka kipenyo cha risasi kisichopungua .375 ya inchi, yaani milimita 9.5, kwa wanyama hatari kama tembo, simba na nyati, na kisichopungua .240 kwa wengine. Bunduki zinazojipakia zenyewe haziruhusiwi katika uwindaji. Wenzo haimo katika katazo hilo, kwani kila risasi inaletwa na mkono wa mpigaji.

Risasi ya wenzo iliyozoeleka kuliko zote duniani ni .30-30, iliyotoka na Winchester ya mwaka 1894. Ina kipenyo cha milimita 7.8, hivyo inavuka kiwango cha chini kwa swalapala, ngiri na hata kongoni. Risasi ya gramu 9.7 inatoka mtutuni kwa kasi ya mita 730 hivi kwa sekunde. Ukiilenga sawasawa kwa mita 90, itakuwa imeshuka karibu sentimita 20 ifikapo mita 180. Sentimita 20 kwa swalapala ndiyo tofauti kati ya moyo na mguu. Kwa hiyo mwenye .30-30 ajiwekee mpaka wa mita 150, na anayejifunza asivuke 100.

Kwa nyati wapo wanaoitaja .45-70, ambayo kipenyo chake ni milimita 11.6 na hivyo inaonekana kutimiza kanuni. Hapa kipenyo kinaweza kumdanganya mtu. Risasi ya .45-70 kwa kipimo chake cha asili cha karne ya 19 ina nguvu ya takriban jouli 2,100, ilhali ile ya .375 inayotumiwa na wawindaji wa nyati ina zaidi ya 5,500. Zipo .45-70 za kisasa zilizopakiwa kwa nguvu zaidi, lakini zinahitaji bunduki imara iliyotengenezwa kwa ajili yake, na ukizitia katika bunduki kongwe unahatarisha uso wako. Ushauri wangu hauna masharti: kwa nyati beba bolti ya .375 au zaidi, au usiende. Roosevelt aliyeipenda Winchester yake alilijua hilo.

Sasa nifike kwenye jambo linaloitofautisha wenzo na bunduki nyingine zote, ambalo mnunuzi asipolielewa anaweza kuumia. Nyingi za bunduki hizi huhifadhi risasi katika bomba lililo chini ya mtutu, zimepangwa moja nyuma ya nyingine. Ncha ya risasi ya nyuma inagusa kitako cha ganda la mbele, pale penye fataki inayowasha baruti. Ukipiga, bunduki inarudi nyuma kwa kishindo na msururu wote unagongana. Ncha ikiwa kali na ngumu inaweza kuigonga fataki kama pini inavyofanya, na risasi ikalipuka ndani ya bomba huku kiganja chako cha kushoto kikiwa kimelishika. Ndiyo maana risasi za bomba hutengenezwa zikiwa butu, na ubutu huo ndio unaozifanya zipunguze kasi upesi hewani na kuwa za masafa mafupi. Tangu mwaka 2006 kampuni ya Hornady imekuwa ikiuza risasi zenye ncha laini ya plastiki inayobonyea, zinazoruka mbali zaidi bila hatari hiyo. Nje ya hizo, usikubali risasi ya ncha kali kwenye bomba hata akuhakikishie nani.

Ziko wenzo zisizo na bomba. Winchester ya 1895 ina kasha chini ya chemba, Savage 99 ina gurudumu la risasi ndani yake, na Browning BLR inatumia magazini ya kuchomoa, na hutengenezwa kwa risasi za kisasa kama .243 na .308. Mtu anayewinda mara Bukombe mara Maswa, na ambaye moyo wake umekwishaangukia wenzo, BLR ndiyo ningemwelekeza. Ni ghali na umbo lake la ndani ni tata kusafisha, lakini inafika mita 250 bila kubahatisha.

Kati ya zile za bomba, tofauti iliyo muhimu ni mahali ganda linapotokea. Winchester 94 za zamani hulirusha juu, hivyo darubini haikai vizuri juu yake. Marlin 336, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1948, hulirusha pembeni na paa lake la chuma limefungwa, faida kwa darubini na pia kwa vumbi letu la kiangazi. Udongo wa mbuga ukikauka hupenya kila mahali. Futa bunduki kila jioni kwa kitambaa kikavu, na mafuta yawe kidogo, kwa kuwa mafuta mengi hugeuka tope ndani ya mashine.

Swali la tatu, risasi, ndilo linalovunja mipango mingi. Leseni ya silaha chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inahusu bunduki maalumu, na risasi utakazonunua ni za bunduki hiyo. Kabla hujaanza mlolongo wa serikali ya kijiji, kamati za usalama na polisi, nenda kwa muuzaji mwenye leseni ukamuulize kama anazo risasi za aina unayoitaka, na kama mwaka jana alikuwa nazo. Akisitasita, badili mawazo mapema. Bolti ya .30-06 yenye risasi ni bora kuliko Winchester nzuri isiyo na kitu. Na wanaolinda machimbo na maduka ya dhahabu Geita wakumbuke kuwa bunduki waliyokabidhiwa kwa ulinzi haiwapi haki ya kuwinda. Leseni ya uwindaji ni nyingine, na hutolewa na mamlaka ya wanyamapori.

Kwa shabaha, wenzo ya .22 ni mwalimu mzuri. Haifai kwa swala, kwa sheria na kwa nguvu, lakini mshindo wake ni mdogo, risasi zake ni rahisi kwa bei, na mkono unajifunza mwendo uleule wa wenzo kubwa. Weka karatasi mita 50 katika uwanja ulioruhusiwa, wenye kilima cha udongo nyuma. Piga ukiwa umesimama, kisha umepiga goti, kwa sababu porini hutapata meza ya kuegemea. Mpaka risasi tano mfululizo ziingie katika duara la ukubwa wa kisahani, .30-30 ibaki kabatini.

Limebaki la kupakua. Katika Winchester na Marlin nyingi njia ya kuondoa risasi bombani ni kuzungusha wenzo mpaka zote zitoke, na kila moja hupita chembani au karibu nayo huku nyundo ikivutwa. Elekeza mtutu kwenye udongo, kidole kikae mbali na kifyatulio, hesabu risasi zinazotoka ulinganishe na ulizopakia, kisha ingiza kidole chembani uhakikishe ni tupu. Fanya hivyo kabla ya kupanda gari, kabla ya kuvuka mto na kabla ya kuingia kijijini. Henry nyingi za kisasa zina bomba la ndani linalochomolewa kwa mbele, risasi zikamwagika zote bila kupita chembani. Kwa mtu mwenye watoto nyumbani hiyo ni sababu ya kutosha ya kuichagua.

Makala ijayo itahusu darubini na nishani za chuma: ipi inafaa macho yaliyozidi miaka 40, na namna ya kuzirekebisha bila kumaliza boksi zima la risasi.