Kupeleka Hadithi Penye Waamuzi Wengi

Vijana kadhaa wameniuliza jinsi mtu anavyoweza kupeleka hadithi yake mahali ambapo wasomaji wenyewe ndio waamuzi. Mimi nilijaribu, nami nitaeleza niliyoyaona.

Katika intaneti liko ghala la hadithi za kubuni liitwalo SCP. Hadithi yake ya kwanza ilitokea mwaka 2007, bila jina la mwandishi, na ghala lenyewe likafunguliwa mwaka 2008. Nyingi zimeandikwa kama taarifa za ofisi: kila moja ina namba yake, nayo hueleza kitu cha ajabu na namna ya kukifungia kisidhuru watu. Sasa zimo hadithi maelfu, kazi ya watu wasiolipwa.

Uamuzi hufanywa hivi. Mwanachama akiisha kusoma, huweza kupiga kura moja ya kuikubali hadithi au ya kuikataa. Kura za kukataa zikizidi zile za kukubali kwa 10, hadithi huweza kufutwa. Huulizwi umesoma wapi wala baba yako ni nani.

Kabla ya hapo, mwandishi aweza kuwaonyesha wenziwe nakala ya kwanza wamkosoe. Hadithi yangu ilihusu kisima kinachorudisha sauti ya marehemu. Nilipokuwa nikiandika, nilikuwa nikimsikia bibi yangu, aliyefariki mwaka ule. Niliiona nzuri mno, nikataka kuiweka usiku uleule. Nikajizuia, nikawapa watu wawili. Wa kwanza alisema Kiingereza changu hakina kosa. Nikafurahi, lakini hakunisaidia kitu. Wa pili alisema hofu ilikwisha katika aya ya pili, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kutaja sauti ni ya nani. Nilikasirika siku tatu, kana kwamba amemkataa bibi mwenyewe. Siku ya nne nikasoma tena, nikaona ni kweli. Nyani haoni kundule. Nikaandika upya, nikaliacha jina hadi mstari wa mwisho. Hadithi ikapata kura za kubaki. Si nyingi, lakini ipo.

Basi, ndugu zangu, shikeni mambo matatu. Kwanza, someni na kuzikosoa hadithi za wengine kabla ya kuleta zenu. Pili, msimwulize msomaji kama hadithi ni nzuri, maana atawaonea haya; mwulizeni alichoka wapi. Tatu, fahamuni kwamba kazi ikiisha kuwekwa humo, mtu yeyote ana ruhusa ya kuinakili, kuibadili, hata kuiuza, mradi amtaje mwandishi na kutoa ruhusa ileile kwa wengine. Ruhusa hiyo hairudishwi. Ukiwa na hadithi unayotaka kumwuzia mchapishaji peke yake, iweke sandukuni.

Lakini hata hiyo ya sandukuni, mpe kwanza mwenzako wa bweni aisome.