Kujinoa katika Uandishi wa Insha

Watahiniwa wengi huliogopa swali la insha kuliko maswali ya sarufi, na wengi hujiandaa kwa njia isiyofaa: hukariri insha kumi za vitabuni wakitumaini mojawapo itaulizwa. Mada ikigeuzwa kidogo tu, aliyekariri hana la kuandika. Njia yenye manufaa zaidi ni kuandika insha yako mwenyewe, kisha kuiandika upya.

Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri tamthiliya ya Shakespeare, Julius Caesar, na tafsiri hiyo ikachapishwa mwaka 1963. Wakati huo alikuwa Rais, mwenye kazi nyingine nyingi. Kitabu kilikuwa tayari mikononi mwa wasomaji, lakini alikirudia na kukisahihisha, na toleo jipya likatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Hata jina halikusalimika! Basi rasimu yako ya jana nayo haina kinga.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa Naliendele, Mtwara, amepewa mada "Umuhimu wa kilimo". Anaanza hivi:

"Korosho ni zao muhimu sana lenye faida nyingi katika jamii yetu."

Sentensi hii haina kosa la sarufi, ila haisemi kitu. Ipime: ondoa neno korosho, weka pamba au kahawa. Maana inabaki ileile. Mwanafunzi huyu anaishi jirani na kituo cha utafiti wa korosho, na mikorosho ameiona tangu utotoni. Akiandika upya anaweza kupata hivi:

"Mikorosho inapochanua, mkulima huipulizia salfa ili ubwiriunga usiharibu maua. Maua yakiharibika, hakuna korosho za kupeleka ghalani. Pesa za sare na madaftari zitatoka wapi?"

Hapa hakuna maneno makubwa. Kuna tendo, sababu na matokeo, na ukijaribu kuweka kahawa, haikubali.

Ama kuhusu hamu ya kuandika, usiisubiri. Mtihani wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba, msimu wa kuokota korosho, na baadhi yenu mtashika kalamu mkiwa mmetoka shambani, mmechoka. Tenga dakika 20 kila siku, hata kama utapata aya moja. Siku ya kwanza andika. Siku ya pili soma kwa sauti. Ukiishiwa pumzi, sentensi hiyo ni ndefu mno, ikate. Siku ya tatu mpe mwenzako aisome, naye asikusifu bali akuulize maswali. Weka rasimu zote katika daftari moja, na siku ukikata tamaa linganisha ya Machi na ya Agosti.

Katika chumba cha mtihani hakuna muda wa rasimu tatu. Ukibakiwa na dakika 5, rudia aya ya kwanza tu, na uipime kwa pamba na kahawa.