Kufuatilia asili ya chakula: kinga ya mlaji na ya mkulima, kuanzia shambani Mnazi

Na Mwandishi Wetu

Kata ya Mnazi, wilayani Lushoto, iko kwenye tambarare chini ya Milima ya Usambara, upande wa mpaka wa Tanzania na Kenya. Mahindi ya tambarare, pamoja na kabichi, karoti na viazi vinavyoteremshwa kutoka milimani, mara nyingi huchanganywa na mazao ya wakulima wengine kabla ya kumfikia mlaji. Gunia likishapakiwa kwenye lori, jina la aliyelilima hubaki nyuma. Hali hiyo haimsumbui mtu mpaka siku shehena moja inapokutwa na kasoro na wakaguzi kutaka kujua ilikotoka.

Tarehe 5 Machi, 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda, kwa maelezo kwamba vipimo vilionesha kiwango cha sumukuvu kilichozidi mipaka ya usalama. Zuio hilo halikutenganisha mahindi safi na yenye sumu, wala wilaya moja na nyingine. Kila mfanyabiashara aliyekuwa na mzigo njiani aliguswa. Siku chache baadaye Kenya iliruhusu tena biashara hiyo kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, shehena iwe na cheti kinachothibitisha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja, na ielezwe mahali mahindi yalikolimwa. Sharti hili la mwisho ndilo linalohusu ufuatiliaji wa asili ya chakula.

Hofu ya sumukuvu ina msingi. Sumu hii huzalishwa na fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga, hasa mazao yakihifadhiwa kabla ya kukauka vizuri. Haina harufu ya kuitambulisha, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 20 kati ya wagonjwa 68 waliobainika walifariki dunia kwa kula nafaka zenye sumu hiyo. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5 na sumukuvu kwa jumla isizidi sehemu 10 katika bilioni.

Kufuatilia asili ya chakula ni kuweza kujibu maswali mawili katika kila kituo cha safari ya zao: nimelipokea kwa nani, na nimemkabidhi nani. Wataalamu huita utaratibu huo hatua moja nyuma, hatua moja mbele. Umoja wa Ulaya umeufanya kuwa wajibu wa kisheria kwa wafanyabiashara wote wa chakula tangu Januari 1, 2005. Kazi ya programu za kompyuta ni kuziunganisha kumbukumbu hizo, ili safari iliyopita katika mikono mingi ionekane yote kwa pamoja.

Umuhimu wa kuunganisha kumbukumbu ulidhihirika nchini Ujerumani mwaka 2011, pale bakteria hatari waliposababisha vifo vya watu zaidi ya 50. Mwanzoni lawama ziliangukia matango ya Hispania, na wakulima wa nchi hiyo wakalazimika kutupa mazao yao. Wachunguzi walipofuatilia kumbukumbu za mauzo kutoka migahawa ambako wagonjwa walikuwa wamekula, mistari ilikutana kwenye machipukizi ya mbegu za uwatu zilizoagizwa kutoka Misri. Matango hayakuwa na hatia, lakini hasara ilikwishatokea. Baada ya tukio hilo, Taasisi ya Tathmini ya Hatari ya Ujerumani ilitengeneza programu ya FoodChain-Lab, inayopatikana bila malipo, ambayo huchukua kumbukumbu za mauzo na kuchora mtandao wa wauzaji na wanunuzi ili kuonesha njia zinakokutana.

Hapa nchini, vipande vya utaratibu wa namna hiyo vimekwishaanza kutumika. Vibali vya kusafirisha mazao nje ya nchi na vyeti vya afya ya mimea huombwa kupitia mfumo wa kielektroniki wa ATMIS wa Wizara ya Kilimo. Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu (TOSCI) imeweka kwenye vifungashio lebo yenye namba ya siri ambayo mkulima huikwangua na kuihakiki kwa simu ya kawaida. Mpango wa mbolea ya ruzuku, ulioanza msimu wa 2022/2023, umewasajili wakulima kwa namba zao. Tangu Julai 2019 usalama wa chakula unasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na viuatilifu viko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.

Hata hivyo, programu haiwezi kujua jambo ambalo halikuandikwa shambani. Kwa mkulima wa Mnazi, daftari linatosha kuanzia. Aandike shamba lilipo, mbegu aliyopanda, tarehe ya kuvuna, na jina la kila kiuatilifu pamoja na siku ya mwisho ya kukitumia, kwa kuwa lebo ya kiuatilifu hutaja idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kisha aandike tarehe ya kuuza, idadi ya magunia na jina la mnunuzi. Kwa upande wa ghala au chama cha ushirika, jambo la msingi ni kulipa kila fungu namba yake na kutolichanganya na jingine kabla ya kupimwa. Mafungu yakishachanganywa, hakuna kompyuta itakayoyatenganisha.

Ni vema pia kutambua mipaka ya mifumo hii. Kumbukumbu haiondoi sumu, na cheti kilichotolewa leo hakiyalindi mahindi yatakayonyeshewa kesho. Kukausha juu ya turubai, kupima unyevu na kuhifadhi mahali pakavu bado ndiyo kinga ya kwanza.

Aidha, gharama isipoangaliwa, anayeumia ni mkulima mdogo. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulipoanza kukagua asilimia 10 ya shehena za maharage machanga na njegere kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya viuatilifu, baadhi ya kampuni ziliacha kununua kwa wakulima wadogo na kugeukia mashamba makubwa yenye kumbukumbu kamili. Wakulima wa mboga wa Lushoto wana sababu ya kulizingatia jambo hilo mapema. Kujiunga katika vikundi huwawezesha kugawana gharama za upimaji na kutunza kumbukumbu kwa pamoja, na afisa ugani wa kata ndiye mtu wa kwanza wa kumuuliza namna ya kuanza.

Mkulima mwenye kumbukumbu sahihi ana faida moja kubwa: kasoro ikitokea kwenye mzigo wa mwingine, anao ushahidi kwamba si mzigo wake.