Kwa Nini Chungu Hupasuka Motoni?

Makande yaliyopikwa katika chungu yana ladha yake. Mzee yeyote wa Upare atakuambia hivyo. Chungu hupata moto polepole na hupoa polepole. Mahindi na maharage huiva mpaka ndani. Sufuria ni nyepesi na haivunjiki, lakini kwa makande chungu bado kina sifa yake.

Ufinyanzi ni kazi ya zamani sana katika milima hii. Mtaalamu mmoja wa mambo ya kale, Knut Odner, alichunguza mahali pa kale karibu na Hospitali ya Usangi na kwingineko Upare ya Kaskazini. Aliandika habari zake mwaka 1971. Vigae ni miongoni mwa vitu vilivyofukuliwa huko. Chungu huvunjika upesi, lakini kigae hakiozi. Ugweno, ambako ndiko iliko Shighatini, ilijulikana zaidi kwa chuma. Watu wa ukoo wa Washana walikifua, na Wachaga wa Kilimanjaro walikinunua. Wanaume walishika nyundo. Vyungu vilikuwa kazi ya akina mama.

Sasa fikiri. Mama amefinyanga vyungu 20. Amevichoma, na vyungu 5 vimepasuka. Robo ya kazi yake imepotea. Udongo umepotea, kuni zimepotea, na siku zake pia. Watu wengine husema ni mkosi, au kuna mtu mwenye jicho baya aliyepita. Lakini sababu zipo, na tunaweza kuzijua.

KUCHAGUA UDONGO

Udongo wa kufinyangia hupatikana mabondeni na kando ya vijito. Chukua kidogo, ulowanishe, uviringishe uwe kama kamba nene ya unene wa kidole. Zungusha kamba hiyo kwenye kidole chako. Ikikubali bila kukatika, udongo una kinamo. Ikikatika, udongo una mchanga mwingi mno.

Udongo wenye kinamo kingi mno nao una shida. Hunywea sana unapokauka. Tengeneza kipande bapa, uchore mstari wa sentimita 10, ukiache kikauke, kisha pima tena. Mstari ukibaki sentimita 9 na nusu, si vibaya. Ukipungua hata chini ya 9, chungu chako kitapata nyufa kabla hata ya kuona moto. Dawa yake ni kuchanganya mchanga laini, au vigae vya zamani vilivyotwangwa na kuchekechwa. Vigae ni bora, maana vimekwisha kuonja moto. Basi usitupe chungu kilichovunjika.

Jihadhari na shimo la udongo. Udongo mzuri mara nyingi uko chini, na mchimbaji huufuata kwa kuchimba kuelekea ndani, kama pango. Juu yake unabaki ukingo mzito usio na nguzo. Mvua ikinyesha ukingo huo huanguka. Mtu aliyefukiwa hana dakika nyingi. Chimba kutoka juu kwenda chini kwa ngazi, usichimbe peke yako, na usiingie shimoni baada ya mvua. Ukimaliza, lifukie. Shimo lililojaa maji ni hatari kwa watoto na ng'ombe.

KUFINYANGA NA KUPAMBA

Toa mawe na mizizi yote. Loweka udongo siku kadhaa, kisha ukande kama unga wa chapati mpaka hewa yote itoke. Hapa usiwe mvivu.

Watu wengi hufinyanga bila gurudumu. Huviringisha kamba za udongo na kuzipandisha moja juu ya nyingine, huku wakizibana kwa vidole ndani na nje. Kipande cha kibuyu hutumika kusawazisha. Gunzi la mahindi hukwangua. Jambo kubwa ni unene. Ukuta wa chungu uwe na unene uleule kila mahali. Kitako kikiwa kinene na shingo ikiwa nyembamba, shingo hukauka kwanza na kunywea, kitako bado kibichi. Vinavutana, na ufa hutokea hapo vinapokutana.

Nakshi huwekwa chungu kikiwa nusu kavu, kigumu kama ngozi. Unaweza kuchora kwa kijiti, kubonyeza kwa ukucha, au kuviringisha kamba iliyosokotwa ili iache alama. Nakshi ya shingoni si urembo tu. Husaidia mkono wenye maji usiteleze. Ukitaka wekundu, saga udongo mwekundu laini, uchanganye na maji uwe kama uji mwepesi, upake. Kisha sugua kwa jiwe laini la mtoni mpaka king'ae. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Kenya mwaka 1950, hufinyanga kwa mkono na kusugua hivyo hivyo, na vyombo vyake vimewekwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Usipake rangi ya mafuta wala kitu chochote kutoka kwenye betri chungu cha kupikia. Betri ya gari ina risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa watoto.

MOTO

Hapa ndipo kazi nyingi hupotea. Kausha chungu kivulini wiki moja au mbili, mbali na upepo. Hata kikionekana kikavu, ndani yake bado mna maji. Maji hayo yakifika nyuzi 100 za joto huwa mvuke. Kikombe kimoja cha maji kikigeuka mvuke hutaka nafasi ya vikombe zaidi ya 1,500. Moto ukiwa mkali ghafla, mvuke haupati njia ya kutoka. Hupasua ukuta. Huo ndio mlio unaousikia, wala si jicho la mtu.

Kwa hiyo pasha kwanza. Panga vyungu kuzunguka moto mdogo, uvigeuze mara kwa mara kwa saa kadhaa. Shika kipande cha kioo baridi mdomoni mwa chungu. Kioo kikifanya ukungu, maji bado yapo. Ngoja.

Kisha tandika kuni kavu, panga vyungu juu yake, funika kwa kuni, nyasi na majani makavu ya migomba. Washa siku isiyo na upepo. Lazima chungu kiive hata kikawa chekundu motoni. Joto likipita nyuzi 600 hivi, udongo hubadilika, hauwezi tena kurudi kuwa tope. Chungu kisichofika hapo kitalainika ukikijaza maji. Ukitaka kiwe cheusi, kifunike mwishoni kwa maranda au majani ili moshi ukiingie.

Usiharakishe kukitoa. Baridi ya ghafla hupasua kama moto wa ghafla.

Kwa wanaofinyanga sanamu, shida ni ileile, ila zaidi. Washambaa, jirani zetu, walikuwa na sanamu za udongo za kufundishia vijana jandoni na unyagoni. Hans Cory aliziandikia kitabu mwaka 1956. Leo watu hufinyanga ng'ombe na simba wa kuuza. Mwili mnene wa simba huficha maji mengi. Uchimbe ndani uwe mtupu, ukuta usizidi unene wa kidole, na utoboe tundu dogo chini ili mvuke upite.

Chungu kikipoa, kigonge kwa kidole. Kikilia kama kengele, ni kizima. Pika ndani yake uji mzito kwanza, uzibe vitundu vidogo. Kikitoa sauti iliyokufa, kina ufa hata kama huuoni. Hicho usimuuzie mtu wa kupika. Pandia mche.