Kabla hujapanda mathree, soma herufi tatu za tiketi

Umenunua tiketi ya ndege, Nairobi kwenda Kisumu, saa moja na robo asubuhi. Sasa niambie, unaondokea wapi? Kama jibu lako ni "si ni JKIA tu", karibu kwenye chama chetu.

Mimi niliachwa na ndege siku ambayo nilifika mapema. Saa kumi na mbili kamili nilikuwa JKIA, suti imepigwa pasi, vyeti kwenye bahasha, naenda kuhojiwa kazi Kisumu. Nikapita ukaguzi, nikapanga foleni. Mhudumu akatazama simu yangu, akanirudishia taratibu. "Kijana, hii ni ya Wilson." Niliruka kwenye teksi, lakini Mombasa Road asubuhi ya Jumatatu unaijua. Ndege ikipaa, sisi bado tuko Bellevue tukihesabu taa za breki. Nilienda kwa basi. Nilipofika Kisumu, waliokuwa wanahoji walikuwa wamefunga mafaili na kwenda zao.

Kosa lilikuwa langu. Tiketi ilisema WIL. NBO ni JKIA, WIL ni Wilson, na herufi hizo mara nyingi zimejificha chini ya neno "Nairobi" kama riba ya mkopo wa simu. Zitafute kabla ya kulipa, si ukiwa njiani.

Halafu usichague kwa bei ya tiketi pekee. Piga hesabu kuanzia mlangoni kwako. Wilson iko kilomita tano hivi kutoka katikati ya jiji, JKIA ni zaidi ya 15. Ukiwa tauni, mathree za Rongai, 125 na 126, hupita Barabara ya Lang'ata zikitokea Railways. Mwambie makanga "Wilson" mapema, maana nganya ikishashika kasi na muziki umepanda, hakuna atakayekusikia. Asubuhi utakuwa unaenda kinyume na msongamano, raha tupu. Lakini ukiishi Rongai kwenyewe, wewe ndiwe msongamano, kwa hivyo amka na jogoo. Na kama kuna mechi Nyayo jioni, ongeza saa nzima.

(Jina Wilson, kwa taarifa yako, ni la mwanamke: Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya ndege hapa Nairobi mwaka 1929.)

Angalia pia mzigo. Ndege nyingi za Wilson ni ndogo, na zile za Maasai Mara kwa kawaida hukuruhusu kilo 15 tu, kwenye begi laini. Sanduku gumu la magurudumu litakuletea maneno kwenye mizani.

JKIA inakufaa zaidi ukiishi Embakasi, Utawala au Kitengela. Ukitokea Westlands, Expressway iliyofunguliwa 2022 itakupitisha juu ya vurugu zote, bora uwe na pesa ya kulipia barabara. Basi namba 34 kutoka mjini ni la bei nafuu, ila husimama kila mahali; mimi silipandi nikiwa na ndege ya kuwahi. Na kumbuka kufika getini si kufika. Kuna ukaguzi getini, kisha kuna ukaguzi mwingine mlangoni. Foleni ikiwa ndefu, dakika zako zinaishia hapo.

Kurudi je? Ukitua Wilson mchana na begi moja, tembea hadi barabarani upande mathree ya kwenda tauni, hiyo pesa ya teksi ule nayo chakula. Usiku usijaribu, ita gari. Ukitua JKIA, madereva watakuzunguka kabla hujawasha simu, kila mmoja akikuita "boss". Ukikubaliana na mmoja, au hata ukiita gari kwa programu, muulize kabla mlango haujafungwa: tukipanda Expressway, nani analipa? Ukiuliza mkiwa tayari huko juu, jibu unalijua.