WAINI YA NANASI: Usiifunge kabla haijanyamaza!

Leo tuweke pembeni habari za nani katoka na nani, tuingie jikoni. Nakuonya mapema kwamba stori hii ina nanasi, ina sukari, ina kicheni pati, na ina nyuzi tano za hospitali.

Ilikuwa hivi. Dada yangu, binti wa mama mdogo, alikuwa anaagwa na akina mama, na kamati ilikuwa imeshakata bajeti ya vinywaji mara mbili. Mimi kwa kimbelembele changu nikanyoosha mkono kikaoni. "Waini niachieni mimi!" Vigelegele vikapigwa. Siku zilizobaki kabla ya shughuli zilikuwa kumi na sita.

Usinione nilikurupuka. Jambo lenyewe si geni hapa kwetu. Wachaga wana mbege yao ya ndizi na ulezi, Wahaya wana rubisi, Iringa na Njombe kuna ulanzi unaogemwa kwenye mianzi, Pwani kuna tembo la mnazi, na majirani zetu Wakenya wana muratina ya asali. Hata hapa mjini akina mama wengi wanatengeneza waini ya choya, lile ua jekundu la rozela, na wanaiuza kwenye maonesho. Nikajisemea, nanasi litanishinda nini?

Na kweli halikunishinda. Kilichonishinda ni kusubiri.

Hebu tuanze na vitu vyenyewe. Kwa dumu la lita tano unahitaji mananasi mawili makubwa yaliyoiva barabara, yale yanayonukia ukiwa bado mlangoni. Yaliyooza usiguse. Sukari robo tatu ya kilo, ndimu mbili, kikombe kimoja cha chai ya rangi kali isiyo na sukari, na hamira ile ile ya maandazi, kijiko kimoja cha chai. Watu wananiuliza, chai ya nini? Inaipa waini ule ukali mdogo unaokamata ulimi, la sivyo utakuwa unakunywa kama togwa.

Chemsha lita tatu na nusu za maji, koroga humo sukari, acha yapoe hadi yawe vuguvugu. Ukimwaga hamira kwenye maji ya moto umeiua, na hapo utasubiri mpaka Krismasi. Menya nanasi, likatekate, liponde kwenye ndoo safi ya plastiki ya kuwekea chakula (ile iliyobeba rangi ya ukuta achana nayo kabisa), mimina maji yako, kamulia ndimu, tia chai na hamira. Funika kwa kitambaa safi, funga na mpira, maana nzi wadogo wa matunda wanakuja kama wamepigiwa simu. Kila kitu unachotumia, mwiko, kitambaa, dumu, kipitie maji yaliyochemka au kioshwe kwa dawa na kusuuzwa vizuri. Wengi wanaoharibikiwa wanaharibikiwa hapa.

Kila siku koroga mara moja kwa mwiko safi. Utasikia linachemka lenyewe bila moto, shiii, kama soda. Siku ya tano chuja kwa kitambaa, tia kwenye dumu, na mdomoni vika puto ulilolitoboa tundu moja kwa sindano. Puto litasimama wima kama askari. Gesi inatoka, hewa ya nje haiingii. Dumu liweke mahali penye ubaridi, na kwa joto letu la Dar mimi nalivika kitambaa kibichi na kulisukumia chini ya kitanda.

Sasa sikiliza kinachotokea humo ndani, maana ndipo nilipofeli. Hamira ni kiumbe hai. Inakula sukari na kutoa vitu viwili, kilevi na hewa ya ukaa. Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyewaonyesha watu, katika miaka ya 1850 na 1860, kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hao wadogo. Na wana bidii kinoma! Kijiko kimoja tu cha chai cha sukari, kama gramu nne, kikiliwa chote ndani ya lita moja ya waini kinatoa kadiri ya lita moja ya gesi. Sasa fikiria vijiko kumi vimebaki, na wewe umeziba chupa.

Siku ya kumi na tatu puto langu lilikuwa bado limesimama. Niliona. Lakini shughuli ilikuwa Jumamosi, na waini ilikuwa tamu ajabu (tamu kwa sababu sukari ilikuwa bado haijaliwa, ila wakati ule nilidhani ni ufundi wangu). Nikajaza chupa za kioo, nikazikaza vizibo kisawasawa, nikazipanga stoo kwa shangazi.

Usiku wa kuamkia Ijumaa, saa nane, paaa! Mjomba akaamka na panga akijua ni majambazi. Tukakuta chupa moja imepasuka, tukacheka, tukarudi kulala. Nilitakiwa kuzitoa zile nyingine usiku ule ule. Asubuhi mtoto wa shangazi, ana miaka kumi na moja, akaingia stoo kuchukua ufagio. Chupa ya pili ikapasuka. Kipande cha kioo kikamchana mkono karibu na kiwiko, nyuzi tano. Kingepanda juu kidogo kilikuwa kinaelekea jichoni. Mpaka leo nikilikumbuka hilo mikono inanitoka jasho.

Shangazi hakunipiga. Alisema neno moja tu, "Gongo! Nyumbani kwangu!" halafu hakunisemesha kwa wiki mbili. Kwenye kicheni pati walikunywa juisi.

Hapo kwenye gongo nilimwelewa shangazi, ila hakuwa sahihi. Waini inachacha tu, basi. Gongo inachemshwa na mvuke wake kukingwa, na kuipika bila leseni ni kosa kisheria. Tena hatari kubwa inakuja watu wanapotaka makali ya haraka na kuongeza kemikali. Nairobi, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa na wengine wakapofuka kwa kunywa pombe iliyokuwa na methanoli. Kwa hiyo rafiki yangu, waini yako ikiwa laini iache iwe laini. Usiichemshe kutafuta mvuke, usiiongezee spiriti.

Basi, ngoja mpaka puto lianguke lenyewe na vipovu viishe. Kwangu huwa wiki tatu hadi nne. Mashapo yatatulia chini, nawe utavuta waini ya juu kwa mpira mwembamba kwenda dumu lingine safi, ukiacha uchafu nyuma. Vika puto tena, ngoja mwezi mwingine. Ukionja isiwe na utamu wa sukari. Ukitaka tamu, tia sukari kwenye glasi wakati wa kunywa, kamwe si kwenye chupa. Na chupa zenyewe tumia za plastiki za soda. Ukiminya ikabonyea, salama. Ikiwa ngumu kama jiwe, gesi imejaa, fungua kizibo pole pole ipumue.

Ikikugeukia ikawa chachu ya kukunja uso, hewa imeingia na sasa una siki. Usilie, tia kwenye kachumbari. Ikiota ukungu wa nywele nywele, mwaga.

Wenye mawazo ya kuuza, tulieni kwanza. Huko kuna leseni, kuna TBS, kuna TRA. Hii ni ya nyumbani, na ya watu wazima waliotimiza miaka kumi na minane, wasioendesha bodaboda baada ya hapo.

Ilinichukua miezi mitano kumshawishi shangazi. Alikubali kwa sharti moja, kioo kisionekane tena stoo. Dada yangu yule sasa ni mjamzito, kwa hiyo hata mara hii hataonja, masikini. Nina chupa sita za plastiki zimejipanga kwenye beseni, na mkaguzi mkuu ni yule dogo mwenye kovu. Haruhusiwi kunusa wala kuonja, kazi yake ni kuminya tu kabla ya kwenda shule. Jana kaminya ya nne, kaniangalia, kasema, "Dada, hii bado."

Nikaifungua. Ikatoa fyuuu ndefu.