Kahawa ya baraza na kahawa ya kukesha: nani anatumia zaidi, mwanafunzi au mwenye kazi?

Kaa kwenye baraza lolote la kahawa, iwe Nyangamara, Lindi mjini au Kilwa Masoko, na haitapita wiki bila mzee mmoja kulalamika kwamba wanafunzi wa siku hizi hawajui thamani ya pesa. Wanapewa ya matumizi Jumatatu, Jumatano imekwisha. Anayasema hayo akiwa na kikombe cha tatu mkononi. Hakuna ubaya katika kusema, ila hesabu ya kikombe hicho ni nadra kufanywa, na ikifanywa huleta majibu ambayo baraza halikuyategemea.

Tuanze na baraza lenyewe. Kahawa chungu inauzwa kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, kutoka kwenye dele linalokaa juu ya jiko la mkaa. Wengine hutia tangawizi au iliki. Pembeni kuna kashata za karanga au nazi, na ndoo ya maji ya kusuuzia vikombe. Katika maeneo mengi kikombe kimoja ni shilingi 100, na mjini kinaweza kufika 200. Kwa bei hiyo hakuna anayejiona anatumia pesa. Shilingi 100 haikununulii hata andazi la maana, na muuzaji hana haraka na wewe: utakaa saa nzima, utasikia bei ya korosho, utajua nani kafiwa na nani kapata fundi wa kuaminika. Kahawa ya baraza ni ada ya kukaa na watu. Anayemwambia baba aache kwenda barazani ili abane matumizi hajaelewa anachokinunua.

Lakini tuhesabu. Chukua mtu anayekunywa vikombe viwili asubuhi na viwili jioni, na kashata moja kwa siku, kila kitu kwa shilingi 100. Hiyo ni 500 kwa siku, 15,000 kwa mwezi, na 182,500 kwa mwaka. Kwa mtumishi wa serikali wa kima cha chini, ambacho kuanzia Julai 2025 ni shilingi 500,000 kwa mwezi, kahawa hiyo ni asilimia 3 ya mshahara kabla ya makato. Si kitu cha kumfilisi.

Kwa mkulima tupime kwa korosho. Minada ya kwanza ya msimu wa 2024/2025 bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Kwa bei hiyo, kahawa ya mwaka mzima ni sawa na kilo 45 na ushee, kabla ya makato ya chama na mengineyo. Bei ikishuka chini ya 2,000, kama ilivyowahi kutokea misimu ya nyuma, kahawa ile ile inakula zaidi ya kilo 90. Kikombe hakijapanda bei hata kidogo, ila kilo zilizokwenda nacho zimekuwa mara mbili.

Na hapo hatujagusa mambo yanayofuatana na kikombe. Sigara moja moja, vocha ya bando ili kuangalia matokeo ya mpira, na kubwa zaidi, kuwanywesha wengine. Mkulima aliyelipwa baada ya mnada hanywi peke yake. Akifika barazani, anawalipia watano, na wiki ijayo hao watano wanakumbuka. Watu wa pwani wanaliona hilo kuwa uungwana, na ni kweli. Tatizo huja miezi ya Februari hadi Mei, korosho zimeshauzwa na ufuta haujavunwa, mtu yule yule anapokunywa kwa kuandikiwa kwenye daftari. Deni la 100 halitishi. La elfu ishirini, lililojikusanya kikombe kwa kikombe, huwafanya watu wabadilishe njia ili wasipite mbele ya muuzaji, na muuzaji naye ana mkaa na sukari ya kununua.

Sasa mwanafunzi. Hapa lazima tutenganishe, maana neno hilo linabeba watu wasiofanana.

Mwanafunzi wa sekondari ya kutwa kwa kawaida hayumo kwenye hesabu hii. Barazani hakai, na akikaa ataulizwa anatafuta nini kwa wazee. Pesa yake ndogo inaishia kwenye maandazi, mihogo ya kukaanga, barafu na vinywaji vya chupa.

Wa bweni ni mwingine. Huyu anajua kahawa ya unga ya kipaketi, ile inayokorogwa kwenye maji ya moto na sukari, nayo anainywa usiku ili asome. Tuseme kila usiku anatumia shilingi 300 kwa kipaketi, sukari na kitu kidogo cha kutafuna. Kwa siku 180 za masomo ni 54,000, chini ya theluthi moja ya kahawa ya baba yake barazani. Kwa hiyo mzazi anayegombana na mtoto wa bweni juu ya vipaketi, kwa upande wa shilingi, ana kesi dhaifu.

Wa chuo ndiye anayebadilisha picha. Mwanafunzi mwenye mkopo wa serikali hupata fedha za chakula na malazi, shilingi 10,000 kwa siku, na hazitolewi kila siku. Zinakuja kwa mkupuo, na wenyewe wanaziita bumu. Akinywa kikombe kimoja cha kahawa ya maziwa cha shilingi 1,500 kwenye mgahawa karibu na chuo, ametumia asilimia 15 ya pesa ya siku hiyo. Akifanya hivyo mwezi mzima ni 45,000, mara tatu ya mtu wa baraza. Na Dar es Salaam kuna migahawa ambayo kikombe kimoja ni 5,000 au zaidi, yaani nusu ya siku yake, godoro na ugali vikiwa humo humo. Bumu likishuka utamwona huko na wenzake. Likikaribia kuisha anarudi kwenye kipaketi na maji ya moto, na simu nyumbani zinaanza.

Ukiangalia vizuri, mwanafunzi huyu anafanana na nani? Anafanana na mkulima wa korosho baada ya mnada. Wote wawili wanapokea nyingi kwa mara moja, wote wanawanywesha wenzao wiki za mwanzo, wote wanamaliza kwa kukopa. Dereva wa bodaboda anayepata kila siku, na mwalimu anayepokea kila mwisho wa mwezi, hunywa kwa kiwango kinachokaribia kuwa kile kile mwaka mzima. Kwa maoni yetu hapo ndipo tofauti ilipo: namna pesa inavyoingia mkononi huamua zaidi kuliko umri au elimu ya mnywaji. Mzee wa barazani na kijana wa chuo wana tabia moja, isipokuwa mmoja anaiita ukarimu na mwingine anaambiwa ni ufujaji.

Kuna gharama moja, hata hivyo, ambayo mwanafunzi anailipa zaidi kuliko mzee, nayo haihesabiwi kwa shilingi.

Ndani ya kahawa mna kafeini. Mwili, kadiri unavyokaa macho, hukusanya kitu kiitwacho adenosini kinachouambia ubongo kwamba umechoka. Kafeini huziba mahali ambapo adenosini hupokelewa. Uchovu haujaondoka, ila taarifa yake haifiki. Kwa mtu mzima mwenye afya, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Mwanafunzi aliyekunywa saa 3 usiku, ikifika saa 8 usiku nusu ya kikombe bado inamfanyia kazi. Atalala, lakini usingizi mwepesi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba dozi kubwa ya kafeini iliyonywewa saa sita kabla ya kulala ilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10, na ubongo hutumia usingizi huo kuyapanga na kuyahifadhi yaliyosomwa mchana. Kwa hiyo anayekesha kwa kahawa anasoma kurasa nyingi na kubaki na chache. Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, na minada ya korosho imeshaanza Oktoba. Ni wakati ambao mzazi wa huku ana pesa na moyo wa kumtumia mtoto ya ziada. Ikienda kwenye mayai na samaki itamsaidia kuliko ikienda kwenye vipaketi na vile vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo chupa ndogo ya mililita 250 kwa kawaida ina kafeini ya kama miligramu 80 pamoja na sukari nyingi.

Watu wazima nao wasijione wamepona. Kwa mtu mzima mwenye afya, wataalamu wa Ulaya wanataja miligramu 400 za kafeini kwa siku kuwa kiwango kisicholeta wasiwasi. Mjamzito anashauriwa apunguze: Ulaya wanasema isizidi 200, na Shirika la Afya Duniani linawataka wanaozidi 300 wateremke. Kahawa na chai zikinywewa pamoja na chakula pia hupunguza madini ya chuma ambayo mwili unayachukua kutoka kwenye chakula hicho. Kwa akina mama wenye upungufu wa damu ni bora kusubiri saa moja hivi baada ya kula.

Halafu kuna kile kichwa cha siku za mwanzo za Ramadhani. Wengi hudhani ni njaa au jua. Mara nyingi kwa mnywaji wa kila siku ni kafeini iliyokatwa ghafla: maumivu huanza kati ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho, na kwa kawaida huzidi siku ya pili. Dawa yake ni kupunguza kikombe kimoja kimoja wiki mbili kabla ya mwezi kuandama.

Kwa mwanafunzi anayejiandaa na mtihani ni hivyo hivyo, asiache ghafla wiki ya mtihani. Apunguze mapema, na kikombe cha mwisho cha siku kiwe kabla ya saa 10 alasiri.